Choka ya nyanya kutoka na maji: angalia moto wako

Dada, umesema choka yako ya nyanya, yaani nyanya za kuchoma na kuponda za kisiwa cha Trinidad kule Karibi, ilitoka na maji na haikuwa na harufu ya moshi, nawe uliioka kwenye oveni. Hapo ndipo penye kasoro. Choka inataka moto wenyewe. Weka nyanya nzima, zilizoiva lakini ngumu kiasi, juu ya makaa au mwali wa gesi, uzigeuze mpaka ganda liungue na kupasuka. Zimenye, ila usizioshe kabisa! Vipande vichache vyeusi vikibaki, viache. Ladha iko humo. Maji yakizidi, yachuje kabla ya kuponda.

Ponda na chumvi na pilipili mbuzi uliyoichoma pia, tandaza juu vitunguu maji vyembamba. Kisha pasha mafuta vijiko viwili, tia vitunguu saumu na bizari nyembamba mpaka saumu igeuke kahawia, umimine papo hapo, isikike ikichachatika. Mbinu hii ilifika Trinidad na vibarua wa mkataba kutoka India kuanzia 1845, na mimi nakusihi usiiruke. Kule huliwa asubuhi kwa sada roti, mkate wao bapa. Chapati kavu isiyo na mafuta itakufaa.