Saruji ya Mifupa Inapokatika Mapema

SWALI: Maabarani kwetu tunatengeneza vipande vya majaribio vya saruji ya mifupa ya akriliki, ile ya plastiki inayoshikiza viungo bandia kwenye mfupa: unga gramu 40, kimiminika mililita 20, tunakoroga kwa mkono bakulini. Vikigandamizwa vinafaulu, ila vikipindwa vinakatika kwenye megapaskali 40 hivi (kipimo cha nguvu kwa eneo), na majibu yanapishana sana. Tuongeze unga kidogo iwe ngumu zaidi?

JIBU: Msiongeze. Kimiminika kikipungua, baadhi ya chembe za unga hazilowi, na kila chembe kavu ni pa kuanzia ufa. Kiwango cha kimataifa cha saruji hii, ISO 5833, kinataka angalau megapaskali 70 kwenye mgandamizo na 50 kwenye mpindo. Nyinyi mmefaulu upande mmoja tu, kwa hiyo mshukiwa wa kwanza ni vitundu vya hewa: mgandamizo huufumba ufa, mpindo huupanua. Tazameni kwa lenzi uso wa kipande kilichokatika. Mkiona kishimo cha duara karibu na upande uliokuwa ukivutwa, mmempata. Na kwa kuwa kitundu hukaa popote kinapotaka, majibu lazima yapishane.

Hamieni kwenye kichanganyio chenye pampu ya ombwe, yaani ya kuondoa hewa. Pampu itangulie, kukoroga kufuate, kwa muda alioandika mtengenezaji, bila kupigapiga kama mayai. Ombwe nalo lisipite kiasi: shinikizo likishuka mno monoma (kile kimiminika chenu) huchemka hata kwa joto la chumba, mkajizalishia vitundu vipya. (Saruji isiyo na vitundu pia hunywea zaidi inapoganda, kwenye vipande vya majaribio hilo halina uzito, kwenye nyonga ya mtu linao.) Jazeni kalibu kwa mkupuo mmoja, maana tabaka likiwekwa juu ya tabaka halishikani vizuri, na maji au damu ikiingia katikati ndiyo kabisa. Mvuke wa monoma unawaka upesi, kwa hiyo fanyeni kazi ndani ya kabati la kufyonza hewa.

Vipande vya mpindo vilazwe kwenye maji ya nyuzi 37 kwa saa 50 hivi kabla ya kupimwa. Vikipimwa vikavu hutoa namba nzuri kuliko hali ya mwilini.

Mkija kutia antibiotiki, iwe ya unga, isiyozidi gramu 1 kwa gramu 40 za unga wa saruji pale saruji inapobeba kiungo bandia, ichanganywe kwanza na unga huo mpaka mabonge yaishe. Ya maji huidhoofisha saruji vibaya.