Rede yetu huishia kwenye ugomvi, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo Bibi. Wakati wa likizo za shule ninajitolea kuwaangalia watoto wa mtaani kwetu Mbagala, wapatao 30, wenye umri wa miaka 7 hadi 12. Nimekusudia kuwafundisha stadi za maisha kwa njia ya michezo, lakini kila tukicheza rede tunaishia kwenye ugomvi, na nikiwaambia walale wafumbe macho ili watulie, wanacheka na kufinyana. Wazazi wawili wameshaniambia kwamba ninawapotezea watoto muda. Nakosea wapi?
Mlezi wa kujitolea, Mbagala

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hao wazazi waambie kwa upole kwamba mapumziko na michezo ni haki ya mtoto iliyoandikwa katika kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao nchi yetu imeuridhia. Tena, miongoni mwa stadi ambazo Shirika la Afya Duniani lilizitaja katika miaka ya 1990 zimo kufanya maamuzi, kutatua matatizo, kuwasiliana na kukabiliana na msongo, na mimi sijaona hata moja ambayo mtoto ameipata kwa kunakili ubaoni.

Sasa turudi kwenye rede. Mtoto aliye katikati ameinama anajaza mchanga kwenye chupa, huku wenzake wawili, mmoja kila upande, wakimrushia mpira wa soksi. Kila gao la mchanga linamtaka aamue kama aendelee kujaza au aiache chupa akwepe. Ghafla mpira unapita karibu na gauni lake, na kelele zinaanza: “Umekugusa!” “Haujanigusa!” Nadhani hapo ndipo unapoingia wewe, ukaamua nani mkweli, ukaamuru mchezo uendelee. Umewanyang’anya somo likiwa bado mikononi mwao. Siku nyingine simamisha mchezo, waketishe chini ya mti kwa duara, uwaulize wenyewe: aliyeguswa anajuaje? Aliyerusha ameona nini? Tufanyeje pale ambapo hakuna aliyeona? Wakikubaliana kwamba katika shaka mpira urushwe upya, basi wametunga sheria yao, nao wataitetea kuliko yoyote uliyowapangia. Dakika tano zinatosha. Ukizidisha yatakuwa mahubiri, na watoto huyanusa mahubiri toka mbali. Ukimaliza, uliza swali moja la nje ya mchezo, kwa mfano: ni lini nyumbani ulisingiziwa jambo, na ulijitetea vipi? Anayetaka kunyamaza mwache anyamaze.

Usiwape rede kila siku, maana wenye mbio hafifu hutoka mapema na kushinda pembeni. Kombolela inawafaa zaidi, kwa kuwa hata mtoto mdogo aliyejificha vizuri anaweza kuchomoka, akalipiga teke kopo na kuwaokoa wakubwa wote walioshikwa. Ukimtazama usoni wakati wenzake wanamshangilia, hutahitaji nikueleze maana ya kujiamini.

Kuhusu utulivu, watoto waliotoka kukimbia juani hawawezi kulala kimya kwa amri. Wape maji kwanza, waketi kivulini, kisha uwashushe taratibu. Waambie wakunje ngumi kama wanaokamua tui, wabane kwa hesabu ya tano, halafu waachie vidole vilegee. Wapandishe mabega hadi karibu na masikio, wayaachie yaanguke. Wamalizie kwa miguu. Njia hii ya kukaza misuli na kuilegeza ilianzishwa na daktari Edmund Jacobson wa Marekani katika karne iliyopita, ingawa la tui nimeliongeza mimi. Kisha wavute pumzi kwa pua na kuipuliza polepole kama wanaopooza uji wa moto, kwani pumzi inayotoka taratibu husaidia mapigo ya moyo kupungua kasi. Kufumba macho kusiwe lazima: wapo wanaocheka kwa haya, na wapo wanaoogopa giza kwa sababu zao, kwa hiyo waruhusu watazame majani ya mti. Zoezi hili pia lisiwe adhabu ya watukutu, la sivyo watalichukia.

Jambo moja ulishike kwa uzito. Katika duara lile mtoto anaweza kusema kwamba nyumbani anapigwa au anaguswa vibaya. Usimhoji mbele ya wenzake wala usimwahidi kuificha siri hiyo. Mshukuru kwa kukuambia, zungumza naye pembeni, kisha piga 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto, au nenda kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto polisi.

Na wale wazazi wawili waalike Jumamosi alasiri, jua likipungua, uwape chupa na mchanga waingie katikati. Mmoja wao, nakuhakikishia, atadai kwamba mpira haukumgusa.