Maswali yenu kuhusu reti za Nairobi: kuanzia nyumba ya marehemu baba hadi fleti ya Kileleshwa

Kila Januari maswali ya wenye nyumba huanza kuingia, na Machi ikikaribia kwisha hugeuka kilio. Reti ninazozungumzia ni kodi ya ardhi ambayo Kaunti ya Nairobi hutoza kila mwaka kwa mamlaka iliyopewa kaunti na Kifungu cha 209 cha Katiba. Wiki hii nimejibu matano.

Baba alifariki 2011. Nyumba yetu ya Buruburu bado iko kwa jina lake, na hakuna aliyelipa reti tangu tumzike. Ndugu zangu wanasema atakayelipa anataka kuinyakua nyumba. Tufanyeje? — Kitinda mimba, Buruburu

Pole sana, mdogo wangu. Swali hili hunijia kuliko jingine lolote, na ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu pesa zinazopotea hapa hazimfai mtu yeyote katika familia.

Ondoeni kwanza hiyo hofu. Kulipa reti hakumpi mtu umiliki. Risiti hutolewa kwa namba ya ploti na kwa jina lililo kwenye rekodi, yaani la baba yenu, hata kama pesa zimetoka kwa M-Pesa ya jirani. Nyumba itawafikia warithi kupitia kesi ya mirathi mahakamani, si kupitia risiti. Aliyelipa anaweza kuomba arudishiwe gharama kutoka kwenye mali ya marehemu, basi.

Sasa hesabu. Reti hutakiwa ziwe zimelipwa kufikia Machi 31. Ukipita hapo, Nairobi imekuwa ikitoza riba ya asilimia 3 kwa mwezi. Hata usipoweka riba juu ya riba, hiyo ni asilimia 36 kwa mwaka. Chukua reti ya mwaka mmoja, Sh6,000, iliyoachwa bila kulipwa kwa miaka kumi: riba peke yake ni Sh21,600, na hiyo ni kwa reti ya mwaka mmoja tu. Nyinyi mna miaka mingi iliyopangana hivyo.

Mimi haya nimeyajua nyumbani kwetu. Mama aliweka risiti zake katika kopo la biskuti chini ya kitanda, zimefungwa kwa mpira. Alipotuacha, tuliambiwa tunadaiwa hata miaka ambayo tulimwona kwa macho yetu akienda kulipa. Mfumo wa malipo ulikuwa umebadilishwa zaidi ya mara moja na baadhi ya malipo yake hayakuonekana. Tukafungua kopo. Risiti za zamani, zenye muhuri na mwandiko wa kalamu, zilisomeka vizuri kabisa. Zile za karatasi laini ya mashine zilikuwa zimefifia zote, kipande cheupe juu ya kipande cheupe, na miaka ya zile nyeupe ndiyo tuliyolipa mara ya pili. Kama mna risiti zozote za mzee, zipigeni picha leo hii.

Halafu kaeni chini, mkubaliane mchango, na mmoja wenu aombe taarifa kamili ya akaunti ya ploti: deni la kila mwaka kando, riba kando. Lipeni reti ya mwaka huu ili shimo lisiendelee kuchimbika. Kaunti imewahi kutangaza msamaha wa riba zaidi ya mara moja, kwa hiyo wekeni akiba ya deni lenyewe mkisubiri, maana msamaha hufuta riba tu. Na hiyo kesi ya mirathi ianzisheni. Bila hiyo, wajukuu watakuja kuuliza swali hili hili.

Nalipa reti kaunti kila mwaka bila kukosa, kisha naambiwa nina deni jingine la ardhi kwa serikali kuu. Je, natozwa mara mbili? — Mzee wa Lang'ata

Hapana, mzee wangu, ni vitu viwili tofauti. Angalia hati yako. Ikiwa ardhi ni ya kukodishwa na serikali kwa muda, mathalani miaka 99, unalipa pango la ardhi kwa Wizara ya Ardhi, na kwa Nairobi shughuli hizo sasa ziko kwenye Ardhisasa, mfumo uliozinduliwa Aprili 2021. Reti za kaunti ziko pale pale. Mwenye hati ya umiliki wa kudumu hana pango, ila reti haziepuki.

Nimeongeza ghorofa tatu za kupangisha kwenye ploti yangu. Reti zitapanda? — Mama landilodi, Kasarani

Kwa sababu ya ghorofa, hapana. Reti za Nairobi hupigwa kwa thamani ya ardhi tupu, kana kwamba hakuna hata jiwe lililowekwa juu yake. Mimi naona huo ni utaratibu wa haki kwa mtu anayejenga kidogo kidogo kama wewe, ingawa mwenye ploti tupu iliyozungushiwa mabati hushtuka akisikia analipa sawa na jirani mwenye jengo.

Kilichobadilisha bili za watu wengi ni orodha ya tathmini, yaani ile inayoonyesha kila ploti imethaminiwa kiasi gani. Kwa miaka mingi jiji lilitumia thamani za 1980 na kutoza asilimia 34 ya thamani hizo. Orodha mpya iliyoandaliwa 2019 ilileta bei za siku hizi, na kiwango kikashushwa hadi asilimia 0.115. Ardhi iliyothaminiwa Sh10 milioni, kwa kiwango hicho, ni Sh11,500 kwa mwaka. Basi ukiona bili imeruka, uliza ploti yako imethaminiwa kiasi gani.

Kodi ya mapato ya nyumba za kupangisha ni jambo jingine, mama, na hiyo ni ya KRA, mamlaka ya ushuru ya serikali kuu. Tangu Januari 1, 2024 ni asilimia 7.5 ya pesa unazokusanya kwa wapangaji, kutoka asilimia 10, ikiwa mapato yako ya mwaka ni kati ya Sh288,000 na Sh15 milioni. Huilipa kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kuilipa hiyo hakukupunguzii reti hata senti moja.

Kuna broka anasema ana mtu ndani, anaweza kufuta deni langu nikimpa nusu taslimu. — Kaka wa Donholm

Usimpe. Msamaha wa kweli hutangazwa hadharani, kwa wote. Ukimpa huyo, utabaki na risiti isiyo na mwenyewe na deni lako litakuwa pale pale. Lipa mwenyewe kupitia NairobiPay, mfumo wa malipo wa kaunti, au *235# kwenye simu, kisha baada ya siku chache fungua akaunti uhakikishe salio limeshuka.

Nanunua fleti Kileleshwa. Upekuzi wa hati umetoka safi na muuzaji anasema reti zimelipwa. Nimalizie malipo? — Dada mnunuzi

Bado, dada. Deni la reti hung'ang'ania ardhi hata lisipoandikwa kwenye rejista, kwa hiyo upekuzi unaweza kutoka safi na deni likawa linakungoja wewe mlangoni.

Muulize kwanza kama fleti ina hati yake chini ya Sheria ya Mali za Sehemu ya 2020. Ikiwa bado iko chini ya hati kuu ya jengo zima, deni la hati hiyo linawahusu nyote, na unapaswa kuiomba kampuni inayosimamia jengo ikuonyeshe malipo ya mwisho. Vyovyote iwavyo, dai cheti cha kutodaiwa reti cha mwaka huu, si nakala ya mwaka juzi, kwa sababu bila hicho msajili hatakuandikia hati. Muuzaji akisema cheti kiko njiani, pesa nazo zikae kwa wakili wako hadi kifike.