Mabeki wakizeeka: niliyoyaona Chicago tangu 2010

Mkuu, umeuliza: Chicago Blackhawks walitwaa Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa hoki ya barafuni, mara 3, mwaka 2010, 2013 na 2015, iweje baadaye washike mkia wa NHL, ligi ya hoki ya Marekani na Kanada? Je, kosa lilikuwa kuwang'ang'ania mabeki wao, Duncan Keith na Brent Seabrook, hadi wakazeekea mikononi mwao? Ukaongeza kwamba timu unayoishabikia huko Kanada ina mabeki wawili waliovuka miaka 33 na nafasi ya mishahara imeisha, nawe hujui wauzwe au waachwe.

Nitajibu kwa niliyoyaona mwenyewe. Nimetokea Tanga, nimefika Chicago mwaka 2008, na hoki ya barafuni nimefundishwa na mzee mmoja Mpolandi tuliyekuwa tunakaa naye jengo moja, mtaa wa Rogers Park. Fainali ya 2010 niliitazama sebuleni kwake. Patrick Kane alipofunga bao la ushindi kule Philadelphia, kisahani, kile kinachopigwa badala ya mpira, kilipotelea chini ya wavu na uwanja mzima haukujua kama limeingia. Kane peke yake ndiye aliyekuwa anakimbia huku akishangilia. Siku ya gwaride nilikuwa mjini katikati ya ule umati. Tangu hapo sijaiacha timu hii, na haya ninayoyaandika yananiuma.

Jibu langu fupi: kuwa na mabeki wazee si kosa. Kosa lilifanyika siku ya kusaini, na siku hiyo sisi mashabiki tulipiga makofi.

Kwanza ujue kikomo cha mishahara cha NHL, yaani jumla ya juu ambayo timu inaruhusiwa kuwalipa wachezaji wake kwa msimu, hakina mwanya kama ule tuliouzoea kwenye soka, ambako tajiri anaongeza fedha na mambo yanakwenda. Kikomo kililetwa mwaka 2005, baada ya msimu mzima kufutwa kwa mgogoro wa wachezaji na wenye timu. Kilianza dola milioni 39, msimu wa 2016-17 kilikuwa milioni 73, msimu wa 2019-20 kikafika milioni 81.5 kikakwama hapo misimu mitatu kwa sababu ya korona. Kinachohesabiwa kila msimu ni wastani wa mkataba, siyo fedha zinazoingia mfukoni mwa mchezaji mwaka huo. Keith alisaini Desemba 2009 mkataba wa miaka 13 wa dola milioni 72. Gawanya: milioni 5.538 kila msimu, awe mzima au amechoka.

Na kule mchezaji hauzwi kwa fedha. Unampeleka timu nyingine, unapewa mchezaji mwingine, au zamu ya kuchagua kijana kwenye drafti, siku ambayo timu hugawana vijana wapya kwa zamu. Kwa hiyo mchezaji aliyeshuka thamani huwezi kumfidia kwa hundi. Wengine wana kifungu cha kutohamishwa bila ridhaa yao, na Seabrook alikuwa nacho.

Sasa twende kwa Seabrook, maana hapo ndipo penye somo.

Mwaka 2015 Chicago walitwaa kombe wakiwa na mabeki wanne tu wa kutegemewa: Keith, Seabrook, Niklas Hjalmarsson na Johnny Oduya. Michal Rozsival alivunjika kifundo cha mguu katika raundi ya pili, na waliobaki kocha hakuwaamini kwa zaidi ya dakika chache. Keith alicheza wastani wa zaidi ya dakika 31 kwa mechi, mchezo ambao kawaida beki mzuri hucheza 22 au 24. Juni 15, usiku wa mvua kubwa, alifunga bao la kwanza dhidi ya Tampa Bay, likawa ndilo bao la kombe, na akapewa tuzo ya mchezaji bora wa mtoano kwa kura zote. Huyu ni mtu ambaye mwaka 2010 kisahani kilimng'oa meno 7 katika mechi dhidi ya San Jose, akarudi uwanjani mechi ileile. Seabrook naye ndiye aliyewatoa Detroit mwaka 2013 kwa bao la muda wa nyongeza katika mechi ya 7. Ungewapenda, mkuu. Mji mzima uliwapenda.

Miezi mitatu baada ya kombe, Septemba 2015, Seabrook akaongezewa mkataba: miaka 8, dola milioni 55, yaani milioni 6.875 kila msimu, uanze 2016-17. Nilikuwa na furaha ya kweli. Nilipanda ngazi kwenda kumwambia yule mzee. Hakubisha sana. Alihesabu kwa vidole mbele yangu: Seabrook kazaliwa Aprili 1985, mkataba unaisha 2024, atakuwa na miaka 39. Nikamwambia huyu amestahili. Akasema amestahili, ndiyo, lakini wanamlipa kwa kazi aliyokwisha kuifanya.

Nilimwelewa miaka miwili baadaye. Nilikuwa nakwenda United Center, uwanja wa Blackhawks, mara chache kwa mwaka, nakaa juu kabisa kwenye viti vya bei nafuu. Kutoka juu unaona kitu ambacho runinga inakificha, kwa sababu kamera inafuata kisahani. Beki wa hoki anafanya kazi kinyumenyume. Mshambuliaji anamjia kwa kasi, yeye anateleza kwa kurudi nyuma, gongo limenyooshwa mbele, akilinda umbali uleule kati yao. Kisha mshambuliaji akichagua upande, beki anatakiwa kugeuza nyonga kwa pigo moja na kukimbia naye sambamba. Kijana anageuka hujaona. Mtu ambaye nyonga zimechoka anajua kwamba hataweza kugeuka kwa wakati, kwa hiyo anaanza kurudi nyuma mapema. Ile nafasi aliyoitoa ndiyo mshambuliaji anayoitumia kupiga.

Seabrook alianza kurudi nyuma mapema. Akili yake ilikuwa ileile, pasi ya kwanza ilikuwa bado tamu, na alikuwa hodari kusoma mchezo. Lakini timu zilimjua na zikawa zinapitisha mashambulizi upande wake makusudi. Desemba 2017 kwa mara ya kwanza aliachwa nje ya kikosi akiwa mzima. Baadaye akafanyiwa upasuaji wa bega na wa nyonga zote mbili, na Machi 2021 akatangaza kwamba mwili umekataa. Hakuna hata siku moja aliyocheza bila kujituma. Ndiyo maana nachukia mtu akimwita mwizi wa mshahara. Alipewa karatasi, akasaini, kama ambavyo mimi na wewe tungesaini.

Gharama yake haikuonekana kwake yeye. Ilionekana kwa vijana walioondoka. Chukua msimu wa 2016-17. Jonathan Toews na Kane, milioni 10.5 kila mmoja. Seabrook 6.875. Kipa Corey Crawford 6. Keith 5.538. Marian Hossa 5.275. Hjalmarsson 4.1. Jumlisha: watu 7 wanakula takribani milioni 48.8 katika milioni 73. Zinabaki kama 24 kwa watu 16 waliobaki kwenye kikosi cha 23. Juni 2016 walitaka kuondoa mshahara wa Bryan Bickell wa milioni 4, hakuna timu iliyomtaka bure, ikabidi wamwambatanishe na Teuvo Teravainen, mshambuliaji kijana wa miaka 21, ndipo Carolina wakakubali. Teravainen akawa nyota huko, na Chicago walimpata tena mwaka 2024, akiwa ameshavuka ujana wake. Juni 2017 mshambuliaji Artemi Panarin naye akapelekwa Columbus. Hesabu ya mabeki ilikuwa inalipwa kwa washambuliaji, na shabiki wa kawaida haoni uhusiano huo kwa sababu majina hayafanani.

Lakini siku ileile aliyoondoka Panarin, Juni 23, 2017, walifanya jambo ambalo wengi tulilichukia na leo naliona lilikuwa sahihi. Hjalmarsson alikuwa ametimiza miaka 30 mwezi huohuo. Kazi yake ilikuwa kujitupa mbele ya mashuti, mechi baada ya mechi, mtu asiyelalamika hata akiwa anachechemea. Walimpeleka Arizona, wakampata Connor Murphy, beki wa miaka 24. Nilikasirika wiki nzima. Huko Arizona majeraha yakamwandama, mwaka 2021 akastaafu. Murphy akabaki Chicago misimu mingi akiwa beki wa kutegemewa. Yaani beki aliyeondolewa akiwa bado mzuri alileta beki. Walioachwa mpaka wakachoka walileta nini?

Tuangalie. Julai 2021 Keith, akiwa na miaka 38 kasoro siku chache, alitaka kuwa karibu na mwanawe upande wa magharibi, akakubali kwenda Edmonton. Chicago wakapata Caleb Jones na zamu ya raundi ya tatu. Mchezaji mwenye tuzo mbili za beki bora wa ligi, 2010 na 2014! Alipostaafu mwaka uliofuata, timu ikabebeshwa adhabu kwenye kikomo, kwa sababu ile mikataba mirefu ya zamani ilikuwa imelipa fedha nyingi mwanzoni na kidogo mwishoni, na sheria ya 2013 ikaja kuiadhibu. Sheria hiyohiyo ndiyo iliyoweka ukomo wa mkataba wa miaka 8 kwa mchezaji wako mwenyewe na 7 kwa wa kutoka nje. Julai hiyohiyo ya 2021 mkataba wa Seabrook ukaenda Tampa Bay, ingawa hatacheza tena. Usishangae: wakati ule mchezaji aliye kwenye orodha ya majeruhi wa muda mrefu aliiruhusu timu kuvuka kikomo kwa kiasi cha mshahara wake. Tampa walikuwa wamejaa pomoni, wakamhitaji Seabrook wa kwenye karatasi kuliko Tyler Johnson mzima, na wakaongeza zamu ya raundi ya pili juu.

Kuhusu kujenga upya, hapa ndipo ninapowalaumu viongozi kuliko kwenye mkataba wa Seabrook. Ule mkataba ulitokana na upendo, na wengi wangeusaini. Lakini Oktoba 2020 klabu iliwaandikia mashabiki barua kwamba sasa wanajenga upya kwa vijana, tuvumilie. Tukakubali. Miezi tisa baadaye wakamchukua beki Seth Jones kutoka Columbus kwa kutoa beki kijana Adam Boqvist, zamu ya 12 ya mwaka ule na zamu yao ya raundi ya kwanza ya 2022, kisha wakamfunga Jones kwa miaka 8, milioni 9.5 kila msimu. Timu ikafanya vibaya, ile zamu ya 2022 ikaangukia namba 6, na ikawa mali ya Columbus. Mshika mbili moja humponyoka. Ukishaamua kujenga upya, zamu zako ndizo mbegu zako. Huwezi kuzitoa ili ununue beki wa kuokoa msimu ambao umeshatangaza kwamba hauuhesabu.

Kyle Davidson alipokabidhiwa umeneja mkuu wa timu moja kwa moja Machi 2022, alifanya kwa ukatili kile kilichotakiwa kufanywa nusu muongo kabla. Alex DeBrincat akaenda Ottawa akiwa na miaka 24 tu. Kane akaenda New York. Toews hakuongezewa mkataba. Mei 2023 bahati nasibu ya drafti ikawapa zamu ya kwanza, na kwa zamu hiyo wakampata mshambuliaji kijana Connor Bedard. Mwaka 2024 wakachagua beki, Artyom Levshunov wa Belarus, kwa zamu ya 2. Machi 2025 Seth Jones akapelekwa Florida, na Chicago wakakubali kuendelea kubeba milioni 2.5 za mshahara wake kila msimu. Miezi mitatu baadaye Jones akanyanyua kombe. Msimu huo sisi tulimaliza wa pili kutoka mkiani, pointi 61. Bedard si mtoto wa miujiza. Kukosea kwa miaka mitano kunalipwa kwa miaka mitano, na nimekaa kwenye vile viti vya juu nikiona nusu ya uwanja mtupu.

Kwa mabeki wako wawili, mkuu: kama mmoja ana mkataba unaoisha mwaka huu, na hapo nyuma kuna vijana wa miaka 20 wanaojifunza, mbakishe, kisha mwongezee mwaka mmoja mmoja. Kijana anahitaji mtu wa kusimama naye upande wa pili wa barafu, anayemwambia lini asiende mbele. Hilo haliandikwi kwenye takwimu, ila nimeliona. Ambaye mkataba wake una miaka mitatu au zaidi, mpeleke sasa, wakati timu zinazotafuta kombe bado zinaamini jina lake. Usingoje msimu mmoja wa mwisho mzuri. Huo ndio msimu ambao Chicago waliungoja.

Na usitazame umri wa leo. Fungua orodha ya mishahara ya timu yako, pembeni ya kila beki andika atakuwa na miaka mingapi siku mkataba unaisha, halafu jumlisha mishahara ya wote watakaokuwa wamevuka 34. Itundike hapa hiyo hesabu, tuitazame pamoja.