Mvinyo mwekundu usifunguliwe ukiwa na joto la Dar es Salaam

Ndugu mleta mada, usikubali. Jibu ulilopewa na mhudumu wa mgahawa, kwamba mvinyo mwekundu hunywewa katika joto la kawaida la chumba na kwamba hakuna haja ya kuupoza kabla ya chakula cha Jumamosi mtakachomwandalia baba mkwe wako hapo hapo mgahawani, ndilo lililoniharibia chupa ya bei kubwa kuliko zote nilizowahi kulipia, na inaniuma kuona wewe unaelekezwa kule kule. Umeuliza mambo mengi, kuanzia aina ya mvinyo hadi bahashishi ya mhudumu, lakini hili la joto lisiposhughulikiwa mengine yote hayatakusaidia.

Chumba kinachotajwa katika kanuni hiyo si chumba cha Masaki mwezi Februari. Ni vyumba vya Ulaya vya enzi ambazo nyumba hazikuwa na mitambo ya kupasha joto kila pembe, ambamo nyuzijoto 16 hadi 18 lilikuwa jambo la kawaida. Kwetu, kabla ya masika kuanza, hata jioni joto hubaki karibu na nyuzi 28, na rafu ya maonyesho iliyo nyuma ya kaunta, yenye taa juu yake, hupita hapo. Mvinyo mzito kama Cabernet Sauvignon au Shiraz hufaa kati ya nyuzi 16 na 18, na mwepesi kama Pinot Noir hupendeza ukishuka hadi 13 au 14. Ukizidi 20, kilevi hutangulia puani, harufu ya matunda hufunikwa, na mdomoni hubaki uzito usio na uchangamfu wowote.

Tulikuwa tunasherehekea kustaafu kwa mama yangu katika mgahawa mmoja wa Msasani. Niliagiza Cabernet Sauvignon ya Stellenbosch, Afrika Kusini, kwa shilingi 280,000, na chupa ilipoletwa ilikuwa na uvuguvugu kama maji yaliyosahauliwa ndani ya daladala. Nikaomba ndoo ya barafu. Msimamizi akaja mwenyewe na kuniambia, mbele ya mama na wajomba zangu, kwamba watu wanaoujua mvinyo hawapozi mwekundu. Kizibo kilikuwa kimejitokeza kidogo juu ya mdomo wa chupa, na chini ya karatasi ya bati inayokifunika kulikuwa na utando mweusi unaonata. Hiyo ni dalili ya chupa iliyowahi kupata joto kali: mvinyo hutanuka, husukuma kizibo, kisha huvuja. Harufu yake ilikuwa ya jamu iliyoungulia sufuriani. Mama alikunywa mafunda mawili, akaisogeza glasi pembeni na kuagiza chai ya tangawizi. Bili ililipwa yote.

Sijamsamehe msimamizi yule. Mtu anayelipwa mshahara kwa kuuza kinywaji ana wajibu wa kukifahamu, na kumnyamazisha mteja kwa kumwonyesha mbele ya wazazi wake kuwa ni mshamba, ili chupa iliyoharibika rafuni ilipiwe, ni dhuluma. Hata kile kiasi kidogo anachokumiminia mhudumu kwanza hakiletwi ili useme kama umekipenda; unapewa uhakikishe kwamba mvinyo haujaharibika, na ukiwa umeharibika una haki ya kuurudisha.

Kwa hiyo, kabla kizibo hakijaguswa, ishike chupa kwa kiganja. Kama haina ubaridi, izuie isifunguliwe. Agiza ndoo yenye barafu pamoja na maji, na usisitize maji, kwa sababu barafu tupu hugusa chupa sehemu chache tu ilhali maji huizunguka yote. Dakika 15 hadi 20 zinatosha. Baada ya hapo mimineni kidogo kidogo, kwa kuwa mvinyo wa glasi iliyojaa hupata joto mezani kabla hujaumaliza, na chupa irudi ndooni kwa dakika chache kila inapoanza kupoteza ubaridi. Usiogope kuupoza kupita kiasi, maana hewa ya Dar itausawazisha wakati mnaongea; ulioharibiwa na joto haurudi.

Kuhusu mishikaki, Pinotage, mvinyo mwekundu wa Afrika Kusini, itafaa sana. Kwa samaki wa kupaka mwenye pilipili, epuka mvinyo mzito wenye tanini nyingi, yaani ule ukakasi unaokausha mdomo, kwa sababu tanini na kilevi huuzidisha ukali wa pilipili. Chukua mwepesi uliopozwa vizuri. Mzee akipendelea mvinyo wetu wa Dodoma, nao upozwe vivyo hivyo. Mkiwa watano agizeni chupa nzima, ambayo ya mililita 750 hutoa glasi tano za kiasi, badala ya kununua kwa glasi kutoka chupa ambayo hamjui ilifunguliwa lini.

Pigia mgahawa tena Ijumaa, zungumza na meneja badala ya mhudumu, chagua chupa yako mapema na umwombe aitoe rafuni siku hiyo hiyo, kisha Jumamosi iingie kwenye jokofu saa moja na nusu kabla hamjafika. Akikujibu kwamba mwekundu haupozwi, hamishia meza yenu kwingine. Masaki na Oysterbay kuna migahawa mingi.