Kengele kati ya mashine pepe mbili
Ndugu yangu, umeuliza jinsi mashine pepe mbili (kompyuta zinazoigizwa na programu) zilizo ndani ya seva moja hapo ofisini kwenu Dodoma zinavyoweza kusoma data ileile bila kupitia mtandao, na jinsi moja itakavyojua kwamba mwenzake amemaliza kuandika. Katika QEMU, programu ya kuendesha mashine pepe, kifaa cha ivshmem hufanya kazi hiyo: kila mashine hukiona kama kadi ya PCI (kadi inayochomekwa ndani ya kompyuta), na eneo lake liitwalo BAR2 ndilo kumbukumbu ya pamoja. Aina ya ivshmem-plain haina kengele, yaani ishara ya kuiarifu mashine nyingine, hivyo programu yako italazimika kuchungulia kila mara, kama abiria anayesubiri daladala pale Sabasaba. Ukitaka kuarifiwa, tumia aina ya ivshmem-doorbell pamoja na programu ya ivshmem-server, kisha uandike kwenye rejista ya Doorbell (sehemu ndogo ya kifaa ya kuandikia amri) namba ya mashine unayoiita katika biti 16 za juu na namba ya vekta (ipi kati ya kengele zake igongwe) katika biti 16 za chini. Kengele hiyo haibebi ujumbe wowote, wala haizuii mashine zote mbili kuandika mahali pamoja kwa wakati mmoja. Kufuli la kuzuia hilo utaliweka mwenyewe katika programu yako, na data (hili husahaulika sana) iandikwe yote kabla ya kengele kugongwa. Mashine ya pili ikihamishiwa kwenye seva iliyoko Dar es Salaam, njia hii haitafaa.