Gari Ni Chesisi. Na Mtu?

Karibuni, ninyi mnaoanza falsafa hapa Moshi muhula huu. Mada ya mtu kuwa yule yule mtaikuta mapema, nami niliifeli mara ya kwanza, kwa hiyo nisikilizeni kama mnavyomsikiliza aliyekwisha kuanguka shimoni.

Kilichoniponza ni neno. Mtihani uliuliza kuhusu John Locke, mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 17, na "utambulisho wa mtu". Nikajaza kurasa nne: ukoo, kihamba (shamba la urithi la familia), jina la babu nililorithi. Mwalimu akaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Umejieleza wewe ni nani. Hukuulizwa." Nilistahili. Swali lilikuwa hili: mzee huyu anakuwaje yule yule mtoto wa miaka 60 iliyopita, wakati sura, mawazo na hata meno si yale? Tangu siku ile, kila nikikuta "utambulisho" nalifuta kwa penseli, naandika "yule yule", kisha nasoma upya. Fanyeni hivyo. Na msichanganye yule yule na kufanana. Mapacha hufanana, ila ni wawili. Shangazi akirudi kutoka Dar tunasema "amekuwa mtu mwingine", lakini aliyebadilika ni yeye, la sivyo tusingekuwa na wa kumsema.

Kabla ya kufungua kitabu, nendeni gereji. Mimi nilikwenda Majengo, nikamkuta fundi amelala chini ya Hiace iliyobadilishwa injini, milango na viti. Nikamuuliza kama bado ni gari lile lile. Akachomoa kichwa: "Mwalimu, gari ni chesisi. Mengine yote spea." Akarudi chini.

Sasa tafuteni chesisi ya mtu, yaani kile kinachomfanya abaki yule yule hata mengine yote yakibadilika. Locke, katika sura aliyoiongeza kwenye toleo la pili la kitabu chake kikubwa, 1694, alisema si mwili wala si roho, ni fahamu: wewe ni yule unayeweza kujikumbuka kwa ndani kuwa ndiye uliyetenda. Ndiyo maana alitenga binadamu, yaani mwili hai wa namna yetu, na mtu, anayewajibika. Sisi tunayatumia maneno hayo kama kitu kimoja, na hapo ndipo wanafunzi wengi hupotea. Gaweni ukurasa wa daftari safu mbili.

Kisha jaribuni na mlevi. Amekunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, amevunja uzio wa jirani, asubuhi hakumbuki lolote. Kwa Locke, binadamu ni yule yule, lakini mtu? Yeye mwenyewe alikiona kikwazo hicho. Alijibu kwamba mahakama humwadhibu kwa sababu kitendo kimethibitishwa, ila kutokumbuka kwake hakuwezi kuthibitishwa. Siku ya hukumu ya mwisho, aliongeza, siri za mioyo zitafunuliwa. Jibu hilo halijawahi kuniridhisha. Jirani anataka uzio wake leo.

Pigo zito zaidi lilitoka kwa Thomas Reid, mwanafalsafa wa Uskoti, mwaka 1785. Mtoto anachapwa kwa kuiba matunda. Akiwa ofisa kijana anateka bendera ya adui, na bado anakumbuka viboko. Akiwa jenerali anaikumbuka bendera, viboko vimesahaulika. Jenerali ndiye ofisa, ofisa ndiye mtoto, hivyo jenerali ndiye mtoto. Lakini kwa kipimo cha kumbukumbu, siye. Chukueni muda mrefu hapa. Watetezi wa Locke hujibu kwa mnyororo: si lazima ukumbuke yote, inatosha kila pete ishikane na inayofuata. Uzuri wa jibu hilo nauona kila ninapomtembelea bibi yangu Marangu, ambaye harusi yake imemtoka kichwani, ila mfereji aliochota maji akiwa binti anauonyesha kwa kidole.

Mwanafalsafa Derek Parfit, 1984, anayedai kuwa yule yule si jambo la msingi sana, mwacheni kwanza. Nilimwahi mapema, nikawa nabishana hata na kondakta.

Jumanne njooni na ukurasa mmoja kuhusu yule mlevi, bila neno "utambulisho". Penseli yangu ya kufutia ninayo.